Nilipima watu wote, nyumba yangu sikuipima

Mimi ni fundi cherehani. Kazi yangu yote huanza na futi kamba: kifua, kiuno, nyonga, urefu wa mkono. Hata mteja wa miaka akiniambia "wewe kata tu, mwili wangu unaujua," bado nampima, kwa sababu watu hunenepa bila kujiambia. Basi mtu huyuhuyu, mwenye futi kamba shingoni kutwa nzima, alikwenda kununua umeme wa jua kwa kukisia. Nilimwambia fundi nataka "sola ya kutosha." Naye akaniuzia ya kutosha. Hakuna kati yetu aliyeuliza ya kutosha nini.

Kwetu nyaya za gridi hazijafika. Tulikuwa na jenereta, na jenereta kwa mshonaji ni adha: kelele, mafuta, na harufu inayokaa kwenye kitambaa. Kwa hiyo mwezi wa kwanza wa sola nilijiona nimefika. Mwezi wa nne, saa nane za usiku, kitu kikaanza kulia stoo: pii, pii, pii. Ilikuwa inveta, ile mashine inayogeuza umeme wa betri kuwa umeme wa soketi, inalalamika kwamba betri zimeisha. Niliizima nikarudi kulala. Usiku uliofuata, tena. Ikafika mahali mwanangu wa mwisho akawa anaiita ile sauti "jogoo."

Baada ya miezi 14 betri zote mbili zilikuwa zimekufa. Fundi aliyezifunga, nilipompata kwenye simu, alisema tu: "Mama, umezitumia vibaya." Aliniudhi siku nzima. Hakukosea, lakini matumizi mazuri ni yapi hakuniambia wakati bado nilikuwa na uwezo wa kuchagua.

Kabla ya kununua betri nyingine nilichukua daftari langu la vipimo, lile la wateja, nikafungua ukurasa mpya nikaandika juu: NYUMBA. Nikaazima kipima umeme, kile kidogo unachokichomeka kwenye soketi kisha chombo chako kikachomekwa juu yake. Kinakuonyesha chombo kinakula wati ngapi sasa hivi na kimekula kiasi gani tangu ulipokichomeka. Wati ni kasi ya kula, uniti ni kiasi kilicholiwa. Chombo cha wati 1,000 kikila saa nzima mfululizo, uniti moja imekwenda. Nilikaa na kipima hicho wiki mbili. Kama utafanya jambo moja tu kabla ya kumwita fundi yeyote, fanya hilo.

Haya ndiyo yaliyotoka. Taa 8 za LED, wati 9 kila moja, kama saa 5 kwa usiku: uniti 0.36. Hizo ndizo nilizokuwa nikiwagombeza watoto wazizime. Friji ilikula uniti 1.1 kwa saa 24. Kibandiko chake cha nyuma kinasema wati 150, na ukizidisha 150 kwa saa 24 unapata uniti 3.6, lakini friji huwaka na kupumzika yenyewe, kwa hiyo anayenunua mfumo kwa kusoma kibandiko atanunua wa kwake na wa jirani. Televisheni na king'amuzi chake, 0.32. Ruta ya intaneti, wati 10 tu, ila hailali, kwa hiyo 0.24. Pampu ya maji nusu saa kwa siku, 0.4 hivi. Pasi, 1.3.

Kisha cherehani: uniti 1.2 kwa siku. Nilidhani kipima kimeharibika. Kumbe mota yangu ni ya zamani, ile nzito yenye klachi, ambayo huzunguka muda wote swichi ikiwa imewashwa, hata nikiwa nabana pini, hata nikiwa napiga soga na mteja. Nilibadilisha nikafunga mota ya servo, ambayo huzunguka pale tu ninapokanyaga pedali. Matumizi yakashuka hadi 0.3. Uniti 0.9 nilizookoa hapo ni zaidi ya mara mbili ya taa zote za nyumba, na sikununua paneli hata moja kuzipata. Tangu siku hiyo nimewaacha watoto na taa zao.

Jumla yangu, kabla ya ile mota, ilikuwa karibu uniti 5 kwa siku. Lakini jumla haikuwa imenieleza jogoo anatoka wapi. Nilielewa nilipochora mstari katikati ya ukurasa, mchana kushoto, usiku kulia, nikagawa kila kitu upande wake. Usiku: taa 0.36, televisheni 0.32, friji nusu ya siku yake 0.55, ruta 0.12. Hiyo ni 1.35. Halafu pasi. Mimi hushona mchana kutwa na kupiga pasi usiku, watoto wakishalala, redio ikiwa chini. Ongeza 1.3. Usiku mmoja: uniti 2.65.

Na betri? Zilikuwa mbili za risasi na asidi, volti 12, ampea-saa 100 kila moja. Zidisha volti 12 kwa ampea-saa 100, kwa betri mbili, kisha gawa kwa 1,000: uniti 2.4 kwenye karatasi. Ila betri ya aina hiyo ikitaka kuishi haishushwi chini ya nusu mara kwa mara, kwa hiyo ya kutumia ilikuwa 1.2. Tena ile namba 100 ya kwenye ganda hupimwa betri ikitolewa polepole, kwa kawaida kwa saa 20. Ukiivuta kwa nguvu, kama pasi ya wati 1,200 inavyovuta, inakupa pungufu. Yaani kila usiku nilikuwa nadai uniti 2.65 kutoka mahali penye 1.2. Sasa nashangaa zilivyofika miezi 14.

Hapa ndipo ningependa wasomaji wanaotaka kufunga sola wakae kidogo. Kila mtu anayekuja kwangu huuliza paneli ngapi. Paneli ndiyo sehemu nyepesi ya hesabu, zinakaa juu ya paa na kufanya kazi miaka. Kinachoamua ukubwa wa mfumo, na kinachomaliza mfuko, ni yale unayoyafanya baada ya jua kuzama. Uniti ya mchana hutoka paneli hadi kwenye pasi moja kwa moja. Uniti ya usiku inabidi kwanza ilazwe kwenye betri, sehemu yake ipotee njiani, kisha itolewe, na kila kulaza na kutoa kunakula uhai wa betri. Nilihamisha pasi kutoka saa tatu usiku hadi saa saba mchana. Hakukuwa na kitu cha kununua wala fundi wa kumlipa. Nusu ya mahitaji yangu ya usiku ikatoweka. Nilichopoteza ni ule utulivu wa kupiga pasi peke yangu na redio, na sitadanganya, bado naukumbuka.

Pampu nayo ikahamia mchana: tenki likijaa saa sita, usiku maji yanateremka yenyewe.

Betri mpya ni za lithiamu, aina ya fosfeti ya chuma. Kwenye karatasi ukubwa ni uleule, volti 48 kwa ampea-saa 50, uniti 2.4, lakini hizi naweza kuzishusha asilimia 80 bila kuziumiza, kwa hiyo nina 1.9 ya kutumia kwa usiku wa 1.35. Zinazosalia ni akiba ya asubuhi yenye mawingu. Mawingu yakishika siku mbili mfululizo jenereta bado huamka, na nimeamua hilo nilikubali. Kununua betri za kustahimili siku 5 za mawingu zinazotokea mara chache kwa mwaka ni kama kushona gauni la harusi kwa ajili ya kwendea kisimani. Betri za risasi si mbaya, zina watu wake, hasa kwa anayetumia umeme kidogo usiku. Lakini usilinganishe bei za ganda kwa ganda. Linganisha uniti zinazotumika kweli, mara ngapi zitalazwa na kutolewa: za risasi ni mamia ya mizunguko, labda elfu na kidogo zikitunzwa, hizi za lithiamu ni elfu kadhaa. Walio kwenye baridi kali wajue kwamba lithiamu hii haifai kuchajiwa ikiwa chini ya nyuzi 0.

Na usiweke betri popote penye nafasi. Zile za kwanza zilikaa stoo, dirisha limefungwa, kando ya vitambaa vyangu. Baadaye ndipo nilipojua kwamba betri za risasi zikichajiwa hutoa haidrojeni, gesi inayolipuka kwa cheche ndogo, na kwamba joto huzizeesha: inakadiriwa kila nyuzi 10 juu ya 25 hupunguza maisha yake kwa nusu. Stoo ile mchana huwa kama tanuri.

Sasa paneli. Nilikuwa na 4 za wati 250, jumla 1,000, na nilidhani jua likiwaka nitapata 1,000. Namba hiyo hupimwa maabara, kwa mwanga wa wati 1,000 kwa kila mita ya mraba na seli, vile vipande vidogo vinavyounda paneli, zikiwa na nyuzi 25. Juu ya paa, mchana wa jua kali, seli zinafika nyuzi 60 na zaidi, na kila nyuzi moja ya ziada inapunguza kama asilimia 0.35. Tayari umepoteza zaidi ya kumi kwa mia. Ongeza vumbi, waya, na kile ambacho inveta yenyewe inakula. Mimi hupata kama robo tatu ya kilichoandikwa. Mahali pengi penye jua zuri siku nzima ni sawa na saa 5 hivi za jua kamili, kwa hiyo wati 1,000 zilinipa uniti 3.75, nami, baada ya kubadilisha ile mota, nilihitaji 4. Niliongeza paneli 2 zinazofanana nazo. Aliye mbali na ikweta afanye hesabu kwa mwezi wake mbaya kuliko yote, kwa sababu huko kipupwe kinaweza kushusha saa 5 hizo chini ya 2.

Kivuli ni kisa kingine. Fundi wa kwanza alikuja saa sita mchana, wakati ambao hata mtu mrefu hana kivuli. Akatazama paa, akasema safi. Saa tisa alasiri kivuli cha mti wa jirani huanza kupanda kona ya magharibi, na kufikia saa kumi kimeshika paneli 2. Mtu atasema, basi nimepoteza 2 kati ya 4. Hapana. Seli za paneli zimeungwa kwa mfululizo, na paneli nazo mara nyingi huungwa hivyohivyo, kama watu waliopanga foleni kupokezana ndoo: mmoja akisinzia, ndoo zinasimama. Ndani ya paneli huwekwa daiodi, kwa kawaida 3, za kuliruka kundi lililolala, kwa hiyo tawi dogo kwenye kona linaweza kunyamazisha theluthi nzima ya paneli. Ukitaka kujua paa lako, litazame saa tatu asubuhi, saa sita na saa tisa, na kama una subira lirudie miezi kadhaa baadaye, maana jua huhama, na mti nao unakua. Mimi nilizungumza na jirani baada ya kufunga. Zungumza kabla, baada ya kufunga huna kauli, unaomba tu.

Mwelekeo ni jambo fupi: aliye kusini mwa ikweta aelekeze paneli kaskazini, aliye kaskazini aelekeze kusini, mwinamo ukikaribia latitudo ya mahali pake. Karibu na ikweta weka hata hivyo nyuzi 10, ili mvua iteremke na vumbi.

Paa lenyewe nilisahau kabisa kuliwaza. Paneli kubwa ina kilo 20 au zaidi, lakini uzito hautishi kama upepo, unaoingia chini ya paneli na kutaka kuing'oa. Vishikio lazima vifike kwenye mbao za kenchi, na kila tundu lizibwe kwa mpira na gundi ya paa. Yangu hayakuzibwa vizuri. Mvua ya kwanza kubwa ilipitisha tone moja moja usiku kucha, juu ya rundo la kitambaa cheupe cha mteja, likiwa limebeba kutu. Nililipa kitambaa hicho. Kama paa lako limebakiza miaka 5, lifumue kwanza. Paneli zinatarajiwa kukaa miaka 25, na kuzishusha ili kubadilisha paa ni kulipa ufundi mara mbili.

Fundi wa pili, kijana mpole anayepima kabla ya kuongea, alifungua boksi la paneli akaniita: "Mama, njoo uone." Breka, ile swichi inayokata umeme ukizidi, ilikuwa imeungua upande mmoja. Ilikuwa breka ya kawaida ya nyumba. Umeme wa soketi hubadilisha mwelekeo na kupita sifuri mara 100 kwa sekunde, au 120 kwingine, kwa hiyo cheche ikizuka breka inapokatika, inazimika yenyewe. Umeme wa paneli na betri haupiti sifuri kamwe. Cheche yake huendelea kuwaka kama ya kuchomelea. Breka na swichi za upande huo zina zake, zimeandikwa DC na volti zake. Uliza kuziona.

Ndiye aliyenieleza pia kwa nini tuhamie volti 48. Pasi ya wati 1,200 kwenye volti 12 inavuta ampea 100, waya mnene kama kidole gumba. Kwenye 48 inavuta 25, na joto linalopotea kwenye waya uleule linashuka mara 16.

Wifi yangu anakaa kwenye gridi, naye alifunga paneli zisizo na betri, zinazolisha nyumba na kurudisha ziada kwenye nyaya. Siku gridi ilipokatika alinipigia mchana kweupe: "Wifi, jua linawaka na ndani giza, nimeibiwa?" Hakuibiwa. Inveta za namna hiyo hutakiwa kujizima gridi ikikatika, zisije zikamuua fundi aliyepanda nguzo akidhani waya umekufa. Kama unafunga sola kwa sababu umeme unakatika, na mfumo wako hauna betri wala inveta inayoweza kujitenga, umefunga kitu kingine. Yeye pia alitakiwa kuomba kibali na kubadilishiwa mita, jambo alilolijua paneli zikiwa tayari juu.

Mwanangu mkubwa alitaka kinu cha upepo. Nilifunga utepe mwekundu kwenye fito juu ya paa tukautazama miezi 2. Mara nyingi ulining'inia, mara nyingine ulijizungusha kama umelewa, ishara kwamba upepo unavurugwa na mapaa na miti. Nguvu ya upepo hufuata mchemraba wa kasi yake: kasi ikipungua nusu, nguvu inabaki moja ya nane. Mtambo unaotoa wati 1,000 kwenye upepo wa mita 12 kwa sekunde utatoa wati 15 hivi kwenye upepo wa mita 3. Kinu kinataka uwanda au kilima na mnara mrefu. Mwenye kijito kinachoteremka mwaka mzima ndiye wa kuonewa wivu. Lita 5 kwa sekunde zikishuka mita 10 zinaweza kutoa wati 250 hivi usiku na mchana, bila betri kubwa.

Maji ya kuoga yasipite kwenye inveta kabisa. Kupasha lita 100 kutoka nyuzi 20 hadi 50 kunataka uniti 3.5, karibu siku yangu nzima. Tenki la kupasha maji kwa jua hufanya hivyo bila kugeuza chochote kuwa umeme.

Ukifika kwenye mkataba, kumbuka vitu hivi havizeeki pamoja. Paneli hupoteza kama nusu asilimia kwa mwaka. Inveta hukaa miaka 10 au 15. Betri hutegemea ulivyoishi nayo. Mimi huandika tarehe ya kila kimoja kwenye jalada la daftari, pamoja na jina la atakayekuja kikilia.

Kimebaki kimoja sijakimaliza. Mota ya pampu inapoanza huvuta mara kadhaa ya wati zake kwa sekunde moja au mbili, na ikitokea friji nayo imeamka wakati huohuo, inveta inakatika. Nimeona mara 6 mwezi huu, zote kati ya saa sita na saa saba mchana. Fundi anataka nifunge kifaa cha kuianzisha pampu taratibu. Mimi kwanza nataka nipime inavuta ngapi hasa, na kipima changu cha soketi hakina kasi ya kuushika mshtuko huo. Ameniahidi cha kwake Jumamosi.